Maji ya Makayabu

Mama Anto alizikwa Alhamisi, na msemaji wa familia akasimama mbele ya watu akaeleza maisha yake yote bila kutaja nyasi. Alitaja ubatizo, akataja ndoa, akataja watoto waliobaki na waliotangulia, akasema jinsi marehemu alivyoimba katika kwaya hata sauti ilipomkataa, halafu akafunga kwa kusema kwamba hakuna aliyejua kupika makayabu kumshinda katika avenue yetu nzima. Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha kilio kinachoomba ruhusa kwanza. Mimi sikucheka. Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, binti yangu Gloire pembeni, nikadhani msemaji anapumua tu, kwamba ataendelea. Akakaa. Akafuta jasho. Kwaya ikaanza wimbo. Hasira ikanipanda kutoka miguuni, nikainuka kabla mdomo wangu haujafunguka mahali pasipofaa, nikaenda nyuma, jikoni, ambako chakula cha waombolezaji kilikuwa kinapikwa. Huko nikamkuta Nadège, mke wa kitinda mimba wa Mama Anto, ameinua beseni kubwa la maji yaliyolowekewa makayabu, anataka kuyamwaga kwenye mfereji.

"Usitupe," nikamwambia.

"Mama Gloire, hii mayi inanuka."

"Najua inanuka. Weka chini."

Akaliweka, akaniangalia kama wanavyomwangalia mtu aliyechanganywa na msiba. Nikavuta kigoda nikakaa kando ya beseni lile kama mtu anayelinda mgonjwa. Pale, na moshi machoni, nikaamua kwamba mwaka ule utaandikwa na nitauandika mimi. Najua wanawake wa umri wangu hawaandiki maisha yao, wanasubiri meno yang'oke kwanza. Mimi nilimaliza sekondari, kalamu ninaijua, na sina nia ya kusubiri meno. Kuhusu nilikozaliwa sitasema kitu. Kuhusu baba yake Gloire, aliyekwenda kuchimba Kolwezi akasahau njia ya kurudi, sitasema pia. Sura hii si yao. Sura hii ni ya mwaka ambao Gloire alikuwa bado hajaota jino, na mimi nilikuwa mpangaji katika annexe ya Mama Anto.

Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, ukuta wa matofali ya zamani, mabati yaliyolia jua likipanda na kulia tena likishuka. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, karibu sana, hata ningeweza kuupaka rangi bila kutoka kitandani. Ndani kulikuwa na kitanda, mbabula, jiko la makaa nililolitoa nje kila asubuhi, ndoo ya nepi, na msumari mmoja uliobeba nguo zangu zote. Kati ya chumba changu na chumba cha Mama Anto palikuwa na mlango wa zamani uliozibwa kwa mbao, na mbao hazizibi maneno. Kwa hiyo nilijua mambo yake yote naye alijua yangu. Jioni, rafiki yake wa kwaya, Mama Régine, alikuja kunywa munkoyo kwake, nami nililala chali na mtoto kifuani nikasikiliza.

"Ule mupangaji yako iko na hasira mingi, Anto."

"Hasira yake njo mulinzi yangu. Tangu alikuya, hakuna mwizi anapita tena mu parcelle."

"Na bwana yake?"

"Bwana gani? Mwanaume wa Kolwezi iko kama courant ya taa, ile inatoka Koni. Inaenda, na weye haujue itarudia saa ngapi."

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nimeuma mto nisicheke kwa sauti. Mama Anto alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa mguu, na mjane ambaye hakumwonea mtu haya. Alipika makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, akayauza njia panda pamoja na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kwa watu wa karakana na madereva wa magari makubwa. Makayabu hayaliwi hivi hivi. Ni lazima yalale majini, maji yabadilishwe, yalale tena, mpaka chumvi ipungue na ulimi uweze kuvumilia. Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha Mama Anto, kwa sababu nyumbani kwake maji hayakutupwa.

Ninasema hayakutupwa, si kwamba yalitumiwa kwa uangalifu. Bomba letu lilikuja lilipotaka. Wanawake wa avenue waliishi na sikio moja kwenye bomba, bidoni zao za maji, za njano, zimepangwa foleni kama watoto wa shule. Kwa hiyo kila tone lililoingia katika ua wa Mama Anto lilipewa kazi, na likimaliza kazi hiyo lilipewa nyingine. Maji ya kuoshea mchele yalisuuza sahani. Maji ya sahani yalikwenda kwenye lengalenga, mchicha wake wa uani. Maji ya kumwogesha Gloire yalifua nepi zake, maji ya nepi yalisugua sakafu, na maji ya sakafu yalilaza vumbi la uani. Siku niliyofika nilimwaga kopo la maji ya kunawia mlangoni, tu, bila kufikiri, naye akasimama akalitazama lile doa la unyevu mpaka likakauka. Kesho yake nilijua kwa nini. Maji pekee yaliyomshinda ni ya makayabu. Ukisugua nayo sakafu, nyumba inanuka juma zima. Ukiyapa lengalenga, inakufa. Kila asubuhi aliyatupa, na kila asubuhi alinung'unika kana kwamba amezika mtu.

Mwaka huo huo tangazo lilisomwa parokiani: wanatafutwa wanawake wa kulea miche ya nyasi. Watu wakacheka kanisani. Nani analea nyasi? Lakini mimi nilisikiliza mpaka mwisho. Sisi wa Likasi hatuna bahari. Pwani yetu ni ya ziwa, na ziwa lenyewe lilitengenezwa na watu walipoifunga Lufira pale Mwadingusha ili mashine za umeme zizunguke. Upande mmoja wa ziwa ukingo ulikuwa umekufa. Kiangazi maji yalipojivuta nyuma, yaliacha udongo wenye ganda jeupe kama uji uliokaukia sufuriani, na juu ya ganda lile hakuota kitu. Nani aliyaleta yale machumvi, kila mtu alinyoosha kidole kwa mwenzake, na mimi sitaandika jina nisiloweza kulithibitisha. Ninachojua ni kwamba bila majani ukingoni samaki hawana pa kutagia, na wavuvi wa upande ule walikuwa wanavuta nyavu zenye matope. Mradi ulitaka kuotesha hapo nyasi ya kwetu wenyewe, inayoota juu kwenye Lufira, kwenye mabonde ambako bibi zetu walichemsha udongo kupata chumvi. Watu wa huko wanaiita majani ya munyu, yaani ya chumvi. Mbegu zake ndogo kama vumbi la tumbaku. Zililetwa mjini, zikapandwa katika sachets, vile vifuko vitupu vya plastiki vya maji ya kunywa, zilizojazwa udongo, na kazi yetu ilikuwa kuzilea mpaka mvua.

Nilifika kwenye bustani ya miche na Gloire mgongoni. Mlangoni alikuwepo msimamizi, Donatien, ambaye kila mtu alimwita Chef Dodo, mwanaume mwenye kofia ya plastiki mahali ambapo hakuna kitu kingeweza kumwangukia isipokuwa jani.

"Weye, mama, unaenda wapi na mutoto?"

"Ku kazi."

"Hapa haiko maternité."

"Minye sikukuya kuzala. Nilishamaliza kuzala. Nilikuya kutumika."

"Mutoto atalia, utaacha miche, utamunyonyesha. Nani atamwanga mayi?"

"Weye, mama yako alikuacha wapi wakati alikuwa analima?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaguna kwa raha. Dodo hakuona raha. Alinifungia, kama alivyowafungia wengine wenye watoto mgongoni. Nikarudi kesho yake, nikarudi na kesho kutwa, nikasimama pale pale mlangoni nikanyonyesha mbele yake, nikimtazama. Ninataka ieleweke kwamba sikuwa nimesimama kwa ushujaa. Sikuwa na pengine pa kwenda. Chumba cha Mama Anto kilitaka kulipwa, mtoto alitaka kula, na kila mlango niliougonga mjini ulitazama kwanza mgongo wangu kabla ya uso wangu. Hatimaye mkuu wa mradi, Ingénieur Prosper, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akachoka kupita mbele ya titi langu kila siku akitazama pembeni. Akamwambia Dodo, "Mupatie zile za ku mwisho. Atazichunga kwake." Zile za mwisho zilikuwa sachets ambazo miche yake ilichelewa kuota, nywele mbili tatu za kijani katika kila moja, zimepangwa karibu na choo kwa sababu hakuna aliyezitaka. Nilizibeba kwa safari tatu za toroli mpaka uani kwa Mama Anto. Na sheria ilitangazwa kwa wote: mvua zikianza, kila mwanamke atapanda miche yake kwenye kipande chake cha ukingo. Mvua zikiisha, mwenye kipande kilichoshika atabaki kazini. "Na mwenye kipande yake itakufa," akasema Dodo akiwa ananitazama mimi, "merci, na aende mu amani."

Basi nililea. Bustanini wenzangu walikuwa na bomba la mradi lenye tangi lake, maji safi asubuhi na jioni, na miche yao ikapanda, ikawa ya kijani kibichi, inapepea. Mama Béa, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote, alikuwa na miche ya kupigwa picha, na wageni walipokuja walipigwa picha nayo. Mimi nilikuwa na bidoni. Nilizinywesha nyasi maji ambayo ningeweza kuyanywa mwenyewe, Mama Anto akaniangalia akitikisa kichwa. "Mayi ya bomba kwa majani ya porini," aliniambia. "Siku moja utayavalisha soksi." Lakini hakukataza. Jioni alinipa ukoko wa bukari na vipande vya makayabu vilivyobaki, vile vya mkiani vyenye mifupa, tukala nje karibu na mbabula yake, tukigombana. Tuligombana juu ya kila kitu. Kama Gloire avae kofia. Kama mwanamke aolewe mara ya pili. Kama wali ni chakula au ni kitafunio. Sasa ninapokumbuka, sidhani kama mwaka ule niliongea na mtu mwingine yeyote kwa urefu namna hiyo.

Kisha Gloire akashikwa na malaria, ile ya kutetemesha, na nikalazwa naye hospitalini. Wakati ninatoka mbio uani, mtoto amefungwa katika kitenge, nilimpigia kelele Mama Anto nikigeuza shingo tu: mama, musinisahaulie majani yangu. Hospitalini sikufikiria nyasi. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda chenye watoto wawili, wa kwangu na wa mwingine, nikahesabu pumzi zake mpaka homa ikateremka na akaanza tena kunivuta masikio. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama kapu tupu. Nikafungua lango, na kabla ya kuona nikanusa.

Ua ulinuka kama soko la samaki. Nzi walikuwa wametanda juu ya sachets zangu. Paka wa jirani alikuwa amepasua zile za mstari wa mbele akitafuta samaki asiyekuwemo. Udongo ulikuwa na ukungu mweupe juu, na miche, miche yangu, imeungua ncha, imekuwa rangi ya nyasi ya paa. Zaidi ya nusu ilikuwa imelala. Mama Anto alitoka jikoni na beseni mkononi, maji yanachezacheza ndani yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nilimwanga mayi. Kila asubui."

"Mayi gani?"

"Ya makayabu. Bomba haikuye tangu ulienda."

"Mama Anto, umeyaua. Umeua majani yangu."

"Minye? Weye njo uliniambia, mama, musinisahaulie majani yangu. Sikuyasahau hata siku moja."

Maneno niliyomwambia sitayaandika, Gloire anajua kusoma. Nilimwambia mengi, na kwa sauti iliyowaleta majirani ukutani. Yeye alisimama na beseni lake mpaka nikaishiwa, halafu akasema polepole, "Unayaita majani ya munyu. Nilifikiri yanakula munyu." Akaenda zake ndani. Kupitia mbao nilimsikia anamwambia Mama Régine kwamba atanihamisha, na Mama Régine anajibu kwamba wezi watafurahi.

Niliapa kwa sauti, kwa Mungu na kwa bankambo, wazee wetu waliotangulia, kwamba maji yake hayatagusa tena majani yangu. Nilizitupa sachets zilizokufa moja moja, nikiwa nimenuna, nikabaki na zile zilizosimama, fupi, ngumu, zimejikunja kama ndevu za mbuzi. Sikuzipa maji. Nilikuwa nimekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hachoti maji. Asubuhi moja nilimweka Gloire chini nikifua, naye akatambaa hadi kwenye sachets. Nilipogeuka alikuwa ameinama, mdomo wazi, anaramba jani kama mbuzi mdogo. Nikamvuta. Akalia, akarudi, akaramba tena, akapiga midomo kama mtu aliyeonja mchuzi. Nikainama nitazame. Kwenye kila jani palikuwa na punje ndogo nyeupe, zinametameta juani, zimekaa nje ya jani, si ndani. Nikaweka ulimi wangu pia. Ilikuwa chumvi. Ile nyasi ilikuwa imeinywa chumvi ya makayabu, ikachagua maji, na chumvi ikaitoa nje kwa ngozi, kama jasho la mtu aliye kazini. Nikapapasa shina. Chini, katikati ya majani yaliyoungua, palikuwa na chipukizi jipya, nene, lina rangi ya kijani inayokaribia bluu. Halikuwa la mgonjwa.

Nilikaa pale mpaka nepi zikapoa. Kisha nikaenda kwenye mlango wa jikoni.

"Mama, leo makayabu iko?"

"Iko."

"Na mayi yake?"

Aligeuza vipande sufuriani kwanza, viwili, vitatu, bila haraka. "Nilifikiri uliapa kwa Mungu na kwa bankambo bote," akasema.

"Niliapa. Sasa nataka mayi."

Alinipa. Tangu siku hiyo maji ya makayabu yalipata kazi, na Mama Anto akaacha kunung'unika asubuhi. Tuliyachanganya mwanzoni na maji ya mchele, kisha kidogo kidogo tukayaacha makali. Mpaka mawingu yalipoanza kukusanyika sikuwa nimepoteza mche mwingine hata mmoja, na ua wetu ulinuka hivi kwamba waliokuja kudai madeni hawakukaa muda mrefu.

Siku ya kupanda tulipelekwa ziwani na gari la mradi. Ukingo ulikuwa mweupe, umelala bapa, na maji mbali. Kila mmoja alipewa kipande na mti wake wa alama. Mama Béa na wenzake waliteremsha miche yao, ndefu, inapepea, ukingo ukapata rangi papo hapo, na hata mimi niliona uzuri wake. Halafu nikateremsha yangu.

"Mama Gloire, hii ni nini," akauliza Dodo, "ni nyasi ao ni brosi ya viatu?"

"Inanuka hata," akasema mwingine. "Inanuka kama njia panda saa sita."

"Labda samaki wataifata," akasema Mama Béa, na kwa hilo nilicheka pia, maana lilikuwa zuri. Nikapanda. Gloire mgongoni, jembe dogo mkononi, nilichimba ganda lile jeupe ambalo lilikata vidole kama kioo. Mvua ilinyesha, nyasi za kila mtu zikashika, tukarudi mjini tukiimba. Kisha mvua ikakata. Wanaolima huku wanajua ule ukame mdogo unaoingia katikati ya msimu, mbingu inakuwa safi kama sahani na mahindi yanajikunja. Bustanini ukame ni tatizo la bomba. Ukingoni ni jambo lingine: jua linavuta maji juu, maji yanabeba chumvi, na chumvi inabaki kwenye mizizi. Gari la mradi lilikuwa limeharibika. Hakuna aliyekwenda kuona. Nilikaa uani nikitazama anga, nikimwona Mama Anto anaitazama pia, ingawa alijifanya anatazama nguo.

Gari lilipotengenezwa tulikwenda sote pamoja. Ukingo ulikuwa umerudi mweupe. Ile miche mizuri ilikuwa imekuwa makapi, inakatika mkononi. Mama Béa alichuchumaa kwenye kipande chake, akaokota shina moja, akalifungia katika ncha ya kitenge chake kama mtu anayebeba kitu cha marehemu. Nikapita. Sikutaka kutazama mbele, nikatazama miguu yangu, nikahesabu miti ya alama, mpaka miguu yangu ikagusa kitu kinachochoma. Ilikuwa nyasi yangu. Ilikuwa imesimama. Fupi bado, mbaya bado, lakini kila shina lilikuwa limezaa mashina kando yake, na mikono yake ilikuwa imetambaa juu ya ganda na kuweka mizizi mingine mbele, ikitoka nje ya mti wangu wa alama, ikiingia kipande cha jirani bila kuomba. Juu ya majani, punje nyeupe zilimetameta kila mahali. Dodo akaja, akainama, akashika shina kwa mkono mmoja, akavuta. Akashika kwa mikono miwili, akavuta. Kofia ikamwanguka.

"Acha," nikamwambia. "Itakurarua."

Ingénieur Prosper alikaa chini kabisa, kwenye chumvi, na suruali yake safi. Akaniuliza nilizipa nini. Wote walikuwa wamenizunguka. Nikasema, maji ya makayabu. Wakaangua kicheko, cha kweli, cha watu waliokuwa karibu kulia. Yeye hakucheka. Alivua miwani akaifuta. "Ulizizoesha," akasema. "Minye nilijua tunapashwa kuzizoesha munyu pole pole mbele ya kupanda. Niliisoma. Lakini zilikuwa zinapendeza, na wageni walikuwa wanakuya, nikasema tutaanza juma lijalo." Kusema hivyo mbele ya watu wake si jambo dogo, na nilimheshimu tangu hapo. Akasema tutaanza upya, bustani yote, na mimi nitawaonyesha wengine.

Hapa ndipo nataka niandike polepole, maana katika maisha yangu nimewahi kushika shingo ya mambo mara moja tu. Nilimwambia, "Nitawaonyesha. Lakini wanaingia na watoto wao." Dodo akafungua mdomo. Nikaendelea. "Kila mwanamke ambaye ulimufunga nje, anaingia. Watoto watakaa chini ya turubai, na mutu wa kuwachunga namujua. Njo yeye pia mwenye mayi." Ingénieur alimtazama Dodo, Dodo akatazama kofia yake iliyokuwa imejaa chumvi, na nyuma yangu Mama Béa akasema, taratibu, bila kuinuka, "Asipoonyesha yeye, minye sipande tena." Mwingine akasema hivyo hivyo. Na mwingine.

Mama Anto aliingia bustanini Jumatatu iliyofuata na kigoda chake, amevaa kitenge cha kwaya, kana kwamba anakwenda kupokea sakramenti. Alichunga watoto. Alilinda pipa la maji ya chumvi, akionja kwa kidole na kutema, akitukana yeyote aliyemwaga tone nje ya sachet. Kila mama jikoni kwetu na kwa majirani aliambiwa alete maji yake ya makayabu, na yalipopungua, tulichanganya chumvi ya kawaida. Msimu uliofuata tulipanda ukingo wote, miche mifupi, inanuka, na ukingo ukashika. Dodo mwenyewe alikuja kuwabeba watoto wakati wa mvua, mmoja kila mkono, na hakuna aliyemkumbusha neno maternité isipokuwa mimi, kila siku.

Nilipokuwa nimekaa kando ya beseni, kwaya ilimaliza wimbo. Nilikuwa nimetoka ziwani juzi yake tu, kwa kazi, maana kazi hiyo ningali nayo. Nyasi imefika majini. Ukiingia humo asubuhi vifaranga vya samaki vinakugonga vifundo vya miguu. Wavuvi wameweka mitumbwi yao tena upande ule. Nikalinyanyua beseni, nikalipitisha mlangoni, nikatoka nalo mbele ya waombolezaji wote, likinuka. Pembeni mwa ukuta wa annexe, mahali zilipokuwa sachets zangu, limebaki shina moja la mwaka ule, sasa kichaka kinachofika magotini. Msemaji wa familia akanyanyuka nusu. "Mama, kuna shida?"

"Hujamaliza kusema juu ya marehemu," nikamjibu. "Kaa. Nitamaliza mimi."

Nikasema yote, nikiwa nimesimama, beseni mikononi. Nilisema ukingo, nilisema chumvi, nilisema paka. Walicheka palipostahili. Nilipofika kwenye watoto waliolelewa chini ya turubai, wanawake wa bustani walikuwa wamekwisha kusimama, Mama Béa mbele, na nyuma yao watoto wenyewe, warefu sasa, wenye sare za shule, hawajui waangalie wapi. Hata Dodo alisimama, amevua kofia. Kisha niliinama nikayamwaga maji ya makayabu kwenye mizizi, yote, taratibu, bila tone kwenda nje. Yakanywewa.

Nadège alinifuata, akalichukua beseni tupu.

"Niioshe?"

"Ioshe," nikamwambia. "Na mayi ya kuoshea usiyatupe."